Mawe ya Maige

Siku ya kufunga msimu wa pamba pale Samuye, kitu cha mwisho kupandishwa kwenye mizani hakikuwa pamba. Alikuwa Maige mwenyewe, mpimaji.

Desturi hiyo waliianzisha wakulima. Kwa miaka mingi mtu alikuwa akitoka nyumbani na gunia ambalo mgongo wake uliujua uzito wake, akifika kwa mnunuzi mizani inasema vingine. Walipopewa ruhusa ya kuweka mpimaji wao asimame bega kwa bega na karani wa mnunuzi, walimchagua Maige, aliyejifunza kazi hiyo katika stoo ya mgodi wa dhahabu kule Geita. Bado wakawa na wasiwasi. Mpimaji ataisoma mizani, lakini je, mizani yenyewe ikidanganya? Ndipo Mzee Bujiku aliposema, "Mizani ni yao. Vyuma vya kupimia ni vyao. Maige ni wetu."

Basi kila mwaka Maige alikaa juu ya jukwaa la mizani mbele ya watu, siku ya kufungua na siku ya kufunga. Ratili mia mbili na themanini. Ikizidi moja au mbili watu walicheka. Ikipungua tano, hakuna gunia lililoshushwa mgongoni mpaka mizani irekebishwe. Mwili wake ulikuwa mali ya wakulima mia tatu, naye aliutunza kwa samli, ugali wa kuchovya kwenye mafuta, na maziwa ya mgando yenye utando mzito juu. Watu walipompita njiani walimsifu. Watoto walimwita Gunia la Kwanza, naye aliitika.

Mwaka wa hamsini na mbili msimu ulifungwa siku ya Jumamosi. Limi, mkewe, alikuwa amemletea chakula. Alimwona akikaa jukwaani, akasikia watu wakishangilia namba ile ile, kisha akamwona anavyoshuka. Maige alishika nguzo ya banda kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Akatabasamu ili watu wasione, lakini Limi alikwisha kuona.

Walipofika nyumbani alimvua viatu. Kazi ya kuvifunga na kuvifungua ilikuwa ya Limi kwa mwaka wa tatu sasa, kwa kuwa Maige hakuweza tena kuinama akaifikia miguu yake. Limi alibonyeza mfupa wa goko kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama alama ya kidole kwenye ugali.

Limi aliliangalia shimo lile.

Aliwahi kuliona. Kaka yake Selestine alikuwa mpishi kambini kule mgodini Geita, mtu mnene mwenye kicheko, akila kila alichokipika kabla wengine hawajala. Miguu yake ilianza hivyo hivyo. Kisha akawa halali ila ameketi. Kisha siku moja alipanda kilima kidogo kwenda kuokota kuni, akakaa chini kupumzika, hakuinuka. Ndugu walisema amerogwa na wenye wivu. Walihitajika wanaume wanane kulibeba jeneza, wakapokezana mara mbili. Limi alilia nyuma yao njia nzima, na katika kulia huko alikuwa akijiuliza: kama ni wivu, kwa nini ulianzia miguuni?

"Jumatatu tunakwenda zahanati," alisema.

"Kufanya nini? Naumwa nini?"

"Utakwenda kuambiwa."

"Mama Esta, mimi nina usingizi mzuri, nakula vizuri..."

"Hilo la kula nalijua."

Tabibu wa zahanati alikuwa Bwana Eustace, mtu mwembamba wa kutoka Bukoba, mpole wa sauti lakini si wa maneno. Alimkaribisha Maige kwenye mizani ya kupimia wagonjwa. Kijiti kiligonga mwisho kikabaki hapo.

"Hii inaishia mia mbili na hamsini," Bwana Eustace alisema. "Shuka, bwana, usije ukanivunjia. Unalalaje?"

"Vizuri."

"Mwongo," Limi alisema. "Analala ameegemea ukuta, kama mlinzi wa duka. Anakoroma, halafu anakata pumzi, mimi nahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano. Halafu anashtuka kama aliyetupwa mtoni."

Tabibu alimfunga mkononi mpira wa kupimia nguvu ya damu. Haukuzunguka. Akauunganisha na kipande cha bendeji, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Kisha akaweka sikio na chombo chake kifuani, mgongoni, akakaa kitako.

"Una maksai?" aliuliza.

"Wanne."

"Ukimfunga mmoja kwenye plau ya wawili?"

"Atavuta."

"Mpaka lini?"

Maige alicheka kidogo. "Mpaka alale kwenye mtaro."

"Huyo maksai ni moyo wako. Kila ratili ya mafuta uliyoiongeza ina vijishipa vyake, na inadai damu yake usiku na mchana. Moyo hauulizi kwa nini, unavuta tu. Damu yako inasukumwa kwa nguvu mpaka mishipa inakuwa migumu, na moyo wenyewe umetanuka kwa kazi. Sasa umeanza kushindwa. Maji ambayo damu ingeyaondoa yanabaki miguuni. Mengine yanapanda mapafuni. Ndiyo maana ukilala chali unazama kwenye kitanda kikavu."

Limi ndiye aliyeuliza, "Dawa ipo?"

"Vidonge vipo, nitampa. Vitamtia maksai nguvu. Lakini mzigo haushuki kwa vidonge, mama. Mzigo unashushwa jikoni." Akahesabu kwa vidole: samli basi, chumvi basi, mafuta ya nyama basi, ugali usizidi ngumi mbili. Mboga apendavyo. Na atembee, kidogo kwanza, aongeze. "Na mje mniambie kila mwezi amepungua ratili ngapi."

"Kwa mizani ipi?" Maige aliuliza, kwa maana mizani ya pamba ilikuwa imekwisha kufungiwa bandani mpaka mwakani.

Bwana Eustace akaitazama mizani yake ndogo. Limi aliitengeneza nyingine.

Kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa alikuwa amelaza gogo uani, akaweka juu yake ubao mrefu wa mkokoteni uliovunjika, akautia alama ya mkaa katikati na alama nyingine mbili, moja kila mwisho. Akamkalisha Maige upande mmoja. Upande wa pili ukapaa hewani.

Mzee Bujiku alikuwa akipita na fimbo yake. Akasimama.

"Shikamoo, baba," Limi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnacheza?"

"Tunapima."

"Loo! Tangu nizaliwe sijaona mpimaji akipimwa na mke." Alicheka mpaka akakohoa, lakini akabaki. Limi alipanga mawe kwenye gunia, jiwe baada ya jiwe, mzee akielekeza kama fundi. Mwisho gunia na Maige wakalingana, ubao ukasimama sawa, unatetemeka kidogo. Ilibaki nafasi ya jiwe moja kama yai la kanga. Bujiku mwenyewe akaliweka.

"Haya," alisema, "sasa wako Maige wawili. Wa mawe ataokoa chakula."

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Limi aliugawa ugali kwa ngumi yake mwenyewe, si ya mumewe. Samli yote aliwagawia majirani, kibuyu hata kimoja hakikubaki. Alipika nsansa, yale majani ya kunde makavu, bila chumvi, na Maige alipoyaonja mara ya kwanza aliuliza kama Limi ameanika mkeka akaukatakata. Asubuhi walitembea. Siku za kwanza walifika kwenye mwiba wa kwanza tu wa boma la jirani, wakarudi, Maige akihema. Limi alitangulia na jembe begani, hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka atamhurumia.

Kila mwezi mwandamo alimkalisha ubaoni. Ubao ulipoinama upande wa mawe, alitoa mawe machache kwenye gunia kubwa mpaka walingane, na yale yaliyotoka akayatia kwenye gunia dogo lililowekwa ukutani. Mwezi wa kwanza yalitoka mengi, kwa kuwa maji ya miguuni yalitoka pia. Mwezi wa pili machache. Mwezi wa tatu Maige alikwenda kwenye arusi Ngokolo, akarudi na tabasamu la mtu aliyekula pilau, na jiwe moja likalazimika kurudi kwenye gunia kubwa. Limi alilirudisha bila kelele, mbele ya macho yake. Maige aliona afadhali angepigiwa kelele.

Lakini watu wana midomo. Kwetu sisi mume aliyekonda ni aibu ya mke. Kisimani wanawake walinyamaza Limi alipofika. Paskazia, dada yake Maige, alikuja kutoka Kharumwa na kibuyu cha samli kwapani, akasimama mlangoni akimtazama kaka yake.

"Shikamoo, wifi," Limi alisema.

"Marahaba. Kaka yangu anafanana na mtu aliyefiwa na mke."

"Mke wake yu hai, ndiyo sababu na yeye yu hai."

"Unamnyima chakula!"

"Namnyima jeneza la watu wanane," Limi alisema. "Wewe ulikuwepo Selestine alipozikwa? Hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Kaa wifi, uji upo. Kibuyu ukiache nje."

Paskazia alikaa siku mbili. Siku ya pili alimsikia kaka yake akilala: amelala chali, anapumua kama mtoto. Aliondoka na kibuyu chake, na hakukileta tena.

Ilipofika mwezi wa Mei mwaka wa hamsini na tatu, gunia dogo lilikuwa na mawe ambayo Limi aliyabeba kwa shida. Maige alikuwa akitembea mpaka barabara kuu na kurudi. Mwezi huo alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Alifanya polepole, akaketi kuviangalia, na Limi akaingia jikoni ili mumewe asimwone akifuta macho.

Wiki iliyofuata walikuja wazee watatu. Mzee Bujiku alitangulia. Nyuma yake Mihayo, mkulima mkubwa mwenye sauti, akivuta ndafu aliyenona mpaka tumbo linagusa majani. Wa tatu alibeba debe la samli. Walisalimiwa, wakaketi, wakazungumza habari za mvua. Kisha Mihayo akakohoa.

"Mpimaji, msimu unafunguliwa wiki sita zijazo."

"Najua."

"Utakaa kwenye mizani."

"Nitakaa."

"Na mizani itasema nini? Mia mbili na ishirini? Mia mbili na kumi na tano? Nani atajua kama ni wewe uliyepungua au ni mizani inayotupunja? Donatus, karani wa mnunuzi, amekwisha kuanza kucheka. Anasema kipimo cha Wasukuma kimeyeyuka."

Maige alitazama miguu yake.

"Hatukuja kukulaumu," Bujiku alisema kwa upole. "Tunakuomba urudi. Kwa msimu mmoja tu. Ukishafungwa, mkeo afanye atakalo."

Limi hakuruhusiwa na desturi kuingilia maneno ya wazee, naye aliiheshimu desturi kwa muda wa pumzi moja. "Baba zangu, moyo wake nao utasubiri mpaka msimu ufungwe?"

Wazee waliinuka. Ndafu akaachwa, na debe likaachwa.

Wazee walipokwisha kwenda, Maige alisema, "Ni watu mia tatu, Mama Esta. Wananitegemea. Nitakula kidogo kidogo."

"Selestine naye alikula kidogo kidogo. Kila siku."

"Sina njia nyingine! Nionyeshe njia nyingine!"

Hakuwa nayo. Ndafu alichinjwa. Maige alikula siku tatu, siku ya nne akala ili asionekane ameacha, na wiki ya pili alikuwa anahema tena akifika kwenye boma la jirani. Asubuhi moja Limi alimkuta ameegemea ukuta. Miguuni, alama ya kidole gumba ikakaa.

Alitoka uani akaweka ubao juu ya gogo. "Njoo."

"Mwezi haujaandama."

"Njoo ukae."

Maige alikaa. Ubao uliinama upande wake. Limi alikwenda kwenye gunia dogo kuchukua mawe ya kurudisha, akalishika jiwe la kwanza, lile kama yai la kanga, akasimama nalo katikati ya uwanja. Akatazama gunia kubwa. Akatazama gunia dogo. Akasimama hivyo mpaka Maige akasema, "Je, nishuke?"

"Haya mawe yote," Limi alisema taratibu, "yakiwa pamoja ni nani?"

"Ni mawe."

"Siku ile ulipofunga msimu ulikuwa mia mbili na themanini. Siku ya tatu yake nilikulinganisha na mawe haya, Mzee Bujiku akiona. Hakuna jiwe lililotoka uani. Yamehama gunia tu." Akalitupa jiwe ndani ya gunia kubwa. "Maige wao yuko pale. Wewe wanakutakia nini?"

Maige alianza kucheka, kisha hakucheka. Alishuka ubaoni, akaingia ndani, akatoka na debe la samli likiwa limepungua nusu, akalishika kwa mikono miwili. "Mpelekee Mihayo," alisema. "Mwambie tumeshiba."

Siku ya kufungua msimu banda lilijaa. Donatus, karani, alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimwona Maige akija kwa miguu, suruali imekunjwa kiunoni kwa mkanda mpya, akapiga mluzi.

"Mpimaji! Nusu nyingine umeiacha wapi?"

"Inakuja," Maige alisema.

Ilikuja kwenye mkokoteni: gunia kubwa na gunia dogo, Limi akiwa ameketi katikati. Watu walinung'unika. Mihayo alipaza sauti kwamba hakuleta pamba yake ipimwe kwa kokoto. Mzee Bujiku akainua fimbo.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Niliwaona wakilingana, mtu na mawe, msimu umefungwa juzi yake tu. Jiwe la mwisho nililiweka kwa mkono huu. Kama mwanamke huyu ni mwongo, basi na mimi mwongo."

Magunia yote mawili yakapandishwa jukwaani. Donatus alisogeza kijiti, akakisogeza tena. Maige aliinama akasoma, bila kushika nguzo.

"Mia mbili na sabini na mbili."

Banda lilinguruma. Donatus alinyoosha mkono. "Ndiyo hivyo! Yamepungua kama yeye alivyopungua. Ni kukauka tu."

"Mwanangu," Limi alisema, na watu wakanyamaza kwa sababu sauti yake haikupanda. "Mtu hukonda. Mawe hayakondi."

Kicheko kilichofuata kilimfanya Donatus mwenyewe acheke. Jukwaa likafunuliwa. Chini yake palikuwa na pamba ya mwaka jana iliyoshindiliwa pamoja na udongo mkavu, imeshika vyuma. Kama iliingia yenyewe au iliingizwa, hakuna aliyesema, na siku hiyo hakuna aliyeuliza. Wakasafisha, wakapaka mafuta, wakapandisha mawe upya.

"Mia mbili na themanini," Donatus alisoma.

Sauti waliyopiga watu ilisikika mpaka barabarani. Lakini Maige hakumaliza. Alishusha gunia dogo, akalitwika begani, akaanza kutembea kuelekea mlango wa banda. Hatua kumi alikwenda vizuri. Hatua ya kumi na tano alianza kuhema. Ya ishirini akaliweka chini, akaketi juu yake, jasho likimtoka, na Limi akawa amekwisha kusogea karibu.

"Mihayo," Maige alisema alipopata pumzi, "lichukue."

Mihayo alilibeba, mtu mwenye nguvu, akalizungusha banda zima, akalitupa. "Zito," alikiri.

"Zito. Wewe umeliweka chini. Mimi nilikuwa nalo nikila, nikiwa nalo nikilala. Nilikuwa nalo miaka kumi na sikujua kwamba aliyelibeba si mimi." Akajigusa kifua. "Ni huyu. Na huyu hana pa kuliweka."

Kisha Bujiku akasema, "Pimeni pamba, jua linapanda," na kazi ikaanza.

Maige aliishi karibu miaka sita baada ya siku hiyo. Bwana Eustace alisema moyo uliotanuka haurudi kuwa mpya, ila maksai aliyepunguziwa mzigo hulima misimu ambayo hakuna aliyeitegemea. Katika misimu hiyo Maige alikwenda kwa miguu kumsindikiza binti yao Esta shuleni, na baadaye alimsindikiza kanisani siku ya arusi yake. Alifariki wakati wa mvua, mwaka wa hamsini na tisa, asubuhi, ameketi kwenye kigoda akifunga kamba za viatu. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa tayari. Limi hakukifungua, alifunga cha pili.

Wanaume wanne walitosha kumbeba. Limi aliwahesabu akitembea nyuma yao, na katika kilio chake alilishika hilo: wanne.

Msimu ulipofunguliwa mwaka huo Limi hakuwa na nia ya kutoka nje. Lakini asubuhi alisikia magurudumu ya mkokoteni uani. Mzee Bujiku, sasa akishikwa mkono na Mihayo, alikuwa amesimama karibu na gogo, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akatazama magunia mawili ukutani. "Tumekuja kumchukua mpimaji."

Limi alikwenda kwenye magunia, akayafungua moja moja, akayahesabu mawe, na lile kama yai la kanga akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake kabla ya kulirudisha. Akafunga kamba.

"Mchukueni," alisema. "Jioni mrudisheni."